Ukitoka mlangoni husikii baridi, jua umevaa sana

Nikiwatumia watu wa nyumbani Tanga picha nimesimama pembeni ya ziwa lililoganda lote na nimevaa nguo za mazoezi, swali lao ni lilelile, "we hufi na baridi?" na mi naelewa kabisa kwanini wanauliza, sisi baridi yetu kubwa ni ya Lushoto mwezi wa saba, unavaa sweta unajitanda kitenge juu yake unasogea jikoni basi yameisha. Hapa Minneapolis mwezi wa kwanza usiku wa kawaida tu unashuka nyuzi 13 au 14 chini ya sifuri, na zipo siku inapita 25 chini, na bado asubuhi ukipita ziwani utakuta watu wanakimbia, wengine wazee kabisa.

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu tuliokuja huku, iwe Minnesota, Toronto, Oslo, popote pale kwenye theluji, maana nawaona wengi walikuwa wanakimbia vizuri tu nyumbani halafu wakifika huku kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4 raba zinakaa chini ya kitanda, mwili unakuwa mzito na roho nayo inakuwa nzito, giza la huku lina mambo yake jamani, mtu akijifungia ndani miezi mitano hatoki salama. Na wanaacha sio kwamba hawawezi, ni kwamba hakuna aliyekaa nao akawaambia wavae nini.

Aliyenifundisha mimi ni mama mmoja wa Eldoret tuliyekuwa tunafanya naye kazi zamu ya usiku, kazi ya kuhudumia wazee, namwita Mama tu maana kanizidi umri sana na kanilea huku. Yeye alikimbia tangu shule, hapa yuko miaka mingi na hajaacha. Siku ya kwanza tunatoka wote alinikagua pale mlangoni kuanzia juu mpaka chini hakusema kitu, akaniambia "hebu toka nje kwanza usimame." Nikatoka, tukasimama dakika mbili hivi kwenye ngazi, akaniuliza "unaskia baridi?" Nikamwambia hapana Mama, niko vizuri kabisa. Akasema "basi rudi ndani uvue moja."

Nilirudi nikavua sweta la katikati, na akaniambia maneno ambayo mpaka leo ndio nayafuata: "Saa hii umesimama tu. Ukikimbia mwili utawaka, hiyo nguo yote itakuwa maji, na tukigeuka kurudi upepo utakupata ukiwa umevaa maji kwa kifua."

Hapo ndipo penyewe. Kinachomtesa mtu anayekimbia kwenye baridi ni jasho lake na upepo, baridi yenyewe kama yenyewe inakuja nyuma ya hivyo viwili. Mwili ukikimbia unatengeneza joto jingi sana, ndio maana wakimbiaji wa huku wana kanuni yao kwamba ukitaka kujua uvae nini chukua joto la nje ongeza nyuzi 10 halafu vaa kama mtu anayekwenda kutembea kwenye hali hiyo. Nje ni sifuri, vaa kama ni 10. Nje ni 10 chini ya sifuri, vaa kama ni sifuri. Dakika kumi za mwanzo utasikia baridi, utasikia kabisa, mabega yanapanda juu, meno yanataka kugongana, na hapo usiogope wala usirudi, ikifika dakika ya kumi au ya kumi na tano unakuta vidole vimerudi, mgongo umepata moto, unaanza kushusha zipu. Mtu aliyetoka na joto lake zuri kutoka sebuleni ndiye utamkuta dakika ya thelathini amelowa kwapa na mgongo, kapunguza mwendo kwasababu kachoka, akipunguza mwendo joto linapungua, na jasho lile halijaenda popote.

Maji yanachukua joto la mwili haraka kuliko hewa, kama mara 25 hivi. Sasa fikiria fulana ya pamba. Sisi tumezaliwa na pamba, kanga pamba, fulana pamba, dera pamba, na kwa Tanga hakuna nguo nzuri zaidi, pamba inanyonya jasho inabaki na unyevu wake upepo wa bahari ukipita unapoa unashukuru Mungu. Kitu hichohicho kinachotufaa nyumbani ndicho kinachotuumiza huku, pamba ikinyonya haiachii, inanata kwenye ngozi na inaendelea kukupoza. Ile kazi ya kitambaa cha maji tunachomwekea mtoto mwenye homa kwenye paji la uso, fulana ya pamba iliyolowa inaifanya hiyohiyo ila sasa ni kifua kizima na tumbo na mgongo, na wewe huna homa. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa kabla hujanunua chochote, toa pamba yote iliyogusa mwili, na hapo sisemi fulana tu, nasema chupi, sidiria na soksi. Watu wanavaa jaketi la dola mia mbili huku ndani wana soksi za pamba, miguu inalia.

Kinachotakiwa kukaa kwenye ngozi ni polista (kwenye lebo wanaandika polyester) au sufu. Polista haitunzi maji, inayasukuma nje yanakwenda kwenye nguo inayofuata. Sufu nyembamba, hasa ile ya kondoo wa merino, ina maajabu yake, inaweza kubeba maji mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake na bado usisikie umelowa, na hata ikilowa inabaki na joto, halafu hainuki haraka. Tatizo ni bei. Ila nawaambia ndugu zangu, maduka ya mitumba ya huku yamejaa hivi vitu, watu wananunua mwezi wa 12 kwa ahadi za mwaka mpya, mwezi wa 3 wanazitoa hata hazijafuliwa mara mbili. Ingia, usiangalie chapa, geuza lebo ya ndani usome imetengenezwa na nini, ukiona pamba zaidi ya nusu rudisha. Mimi fulana zangu za ndani karibu zote ni mtumba na sidhani kama nitanunua mpya.

Juu yake kwenye baridi ya kawaida naweka fulana nyingine ya mikono mirefu yenye zipu nusu ya kifua, hiyo zipu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, ndio dirisha lako, ukipanda kilima unashusha, ukigeukia upepo unapandisha. Halafu juu kabisa jaketi jembamba la kuzuia upepo. Nimesema jembamba. Sio lile koti kubwa la manyoya ya bata la kwendea kazini, lile ni la mtu anayesubiri basi, ukikimbia nalo kilomita mbili tu ndani panakuwa na mvuke. Jaketi la kukimbilia ukilikunja linaingia kwenye mkono mmoja, kazi yake ni moja tu, upepo usipite, na mgongoni au kwapani liwe na matundu ya kutoa jasho. Lile la plastiki kabisa lisilopitisha kitu ni la mvua, siku kavu linakulowesha lenyewe kutoka ndani.

Upepo nao tuuongelee vizuri kwasababu huku kwenye simu utaona namba mbili, joto lenyewe halafu namba ya pili chini yake ya jinsi mwili unavyohisi. Isome hiyo ya pili. Nyuzi 18 chini ya sifuri ukiongeza upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile ni 28 chini, na kwenye jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani hapo ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Na mkimbiaji unajitengenezea upepo wako mwenyewe hata siku iliyotulia. Sisi tunazunguka ziwa la Bde Maka Ska, ni kama kilomita tano hivi kulizunguka, na pale hakuna mti wala jengo la kukukinga ukiwa upande wa wazi, upepo unakuja juu ya barafu moja kwa moja mpaka usoni. Mama alinizoesha kitu kimoja, siku za kwenda na kurudi njia ileile tunaanza kwa kwenda dhidi ya upepo, tukiwa bado wakavu na tuna nguvu, halafu kurudi upepo unakuwa mgongoni. Ukifanya kinyume chake unakwenda umestarehe unatoka jasho, halafu unageuka na jasho lako kukutana na upepo uso kwa uso.

Watu wengi wanaogopa zile siku za 20 chini ya sifuri, mimi siku ninayoiogopa zaidi ni ya nyuzi 2 juu ya sifuri na mvua. Kwenye 20 chini kila kitu ni kikavu, theluji inalia chini ya raba, ukivaa sawa unakimbia vizuri tu. Mvua ya baridi hainaga huruma. Waliofuatilia Boston Marathon ya 2018 wanakumbuka, tarehe 16 Aprili, mvua kubwa, upepo wa usoni, joto nyuzi 3 au 4 tu juu ya sifuri, yani hata maji hayagandi, na wakimbiaji wakubwa wengi walijitoa njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia aliongoza vizuri tu halafu karibu na mwisho akaisha, Mjapani Yuki Kawauchi akampita akashinda. Kwa wanawake alishinda Desiree Linden kwa saa 2 dakika 39, muda ambao kwa Boston ni mrefu sana. Hao ni watu ambao kazi yao ni kukimbia. Kwahiyo siku ya mvua ya baridi ndio siku pekee navaa lile jaketi la kuzuia maji na kofia yenye ukingo wa mbele ili matone yasiingie machoni, nafupisha njia, na nazunguka karibu na nyumbani ili nikichoka nisiwe mbali.

Sasa kwa sisi tunaovaa hijabu, hapa naomba nikae kidogo maana hili sijaona watu wakilieleza. Hijabu ni baraka kwenye baridi, wenzetu wananunua kitambaa cha shingo na cha masikio, sisi tumeshavaa. Lakini ile hijabu ya jezi, ile laini inayovutika ambayo ndio tunaipenda kwasababu haitelezi, nyingi ni pamba, na inalowa kwa njia mbili, jasho la shingoni kutoka ndani na pumzi ya mdomoni kutoka mbele. Unakimbia nusu saa, ukigusa pale chini ya kidevu unakuta pamekuwa pagumu, pana unga mweupe wa barafu, na ule ugumu unasugua ngozi kila ukigeuza shingo. Upande wa ndani unagusa koo na ni wa baridi kweli. Niliacha hizo kwa kukimbilia. Navaa hijabu ya michezo ya polista, saivi zipo za kampuni nyingi, Nike walitoa yao 2017 na baada ya hapo zikajaa mpaka za bei rahisi, inavaliwa kwa kichwa haina pini, pini za chuma kwenye baridi kali zinaunguza ngozi kabisa. Ncha zake naziingiza ndani ya jaketi zisipepee. Juu yake mzula mwembamba, na ikizidi 15 chini naongeza kile kitambaa cha duara cha shingoni navuta mpaka juu ya pua.

Hicho kitambaa cha pua kina siri yake. Pumzi inakilowesha na panaganda, usikivue, kizungushe tu pale palipolowa paende nyuma ya shingo na pakavu paje mbele, kwa mwendo wa saa moja unaweza kuzungusha mara mbili tatu. Na kifua kikikubana kwa hewa kavu ya baridi, wale wenye pumu wananielewa, kitambaa hicho kinapasha hewa kidogo kabla haijaingia. Mwenye pumu aongee na daktari wake kwanza na dawa yake ya kuvuta aiweke mfuko wa ndani, isigande.

Halafu kuna wudhu. Mwezi wa 12 hapa jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwahiyo kati ya alasiri na magharibi hamna nafasi, unajikuta unaswali halafu unatoka moja kwa moja. Kausha. Kausha uso, kausha mikono mpaka kwenye viwiko, kausha katikati ya vidole vya miguu na taulo sio kwa kupunga, subiri dakika kumi halafu ndio utoke. Unyevu mdogo tu wa nyusi unaganda ukifika kona ya mtaa. Na Ramadhani za miaka hii zinaangukia mwezi wa 2 na wa 3, nikikimbia kabla ya futari naongeza nguo moja zaidi ya kawaida kwasababu mwili ambao haujala hautoi joto lilelile, na siendi mbali.

Chini navaa taiti yenye manyoya kidogo ndani na juu yake sketi fupi ya magotini ya kuzuia upepo. Mwanzo nilikuwa naivaa kwa ajili ya stara tu, kumbe inafanya kazi kubwa, makalio na mapaja huwa yanapoa kuliko unavyotarajia, nyama ya pale ina mafuta na damu haipiti sana, ukirudi ndani panawasha na pamekuwa pekundu na ukigusa pana baridi hata baada ya robo saa. Juba refu kwa kukimbilia sishauri, pindo linakusanya theluji linalowa linakupiga miguu. Dada zangu wa Kisomali mtaani kwetu wengi wanavaa karibu na hivi nilivyosema, sketi ya magotini na chini yake suruali pana ya kuzuia upepo, inapendeza na ina heshima yake. Na kaka zangu nanyi niseme wazi kwasababu hamwambizani, vaeni boksa zile zenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele, baridi ikipita pale kwenye zipu ya suruali nyembamba maumivu yake wakati wa kupata joto nimesikia wanaume wazima wakilia nayo.

Mikono ndio inayowashinda wengi. Mwili ukihisi baridi unabana mishipa ya vidole ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na tumbo, kwahiyo ukifunika kifua vizuri vidole navyo vinanufaika, lakini glavu pekee hazitoshi ikishapita 10 chini. Zinazofaa ni zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, vidole vinapashana joto. Mimi navaa glavu nyembamba ndani halafu hizo juu, nikipata joto navua za juu naziweka mfukoni. Kuna na vipakiti vidogo vya unga wa chuma, ukifungua hewa inaingia vinatoa joto masaa kadhaa, nabeba hata kama sivitumii. Simu nayo iwe ndani karibu na mwili, kwenye mfuko wa nje betri inashuka ghafla inazima, na wewe ndio ulikuwa unaitegemea kuita gari.

Kuhusu kichwa, kuna maneno yanazunguka kwamba nusu ya joto la mwili linatokea kichwani, sio kweli, kichwa ni kama asilimia 10 tu ya ngozi yote na kinapoteza joto kwa kiasi hichohicho. Ila masikio, pua na mashavu ndio yanayoganda mapema pamoja na vidole. Mnapokimbia wawili muangaliane usoni. Mama kila tukisimama kwenye taa za barabarani ananigeuza ananiangalia pua na mashavu, ngozi yetu nyeusi ikianza kuganda haiwi nyekundu kama picha za kwenye mabango ya hospitali zinavyoonyesha, inafifia, inakuwa ya kijivu au inapata rangi ya majivu, inakuwa ngumu, na mwenye nayo husikii kitu. Kusikia maumivu ni afadhali, ukiacha kusikia ndio hatari. Hapo unaingia ndani popote, duka, kituo cha mafuta, popote. Usisugue, hasa usisugue na theluji kama wengine wanavyosema, weka kwenye maji ya uvuguvugu sio ya moto, na kama rangi hairudi nenda hospitali. Vaselini napaka mashavuni na midomoni kwasababu upepo unapasua ngozi, lakini vaselini haizuii kuganda, usipake ukadhani umefunika uso.

Miguuni ni soksi moja ya sufu nene kiasi inayopanda juu ya kifundo, pale kati ya soksi na taiti pasiwe na ngozi wazi. Watu wanavaa soksi mbili halafu raba inabana, ikibana damu haipiti, vidole vinaganda na soksi zake mbili. Kama raba za msimu wa joto zinakubana na soksi nene tafuta pea ya nusu namba juu. Kwa barafu kuna vile vyuma vya kuvalisha kwenye raba kwa mpira, vinakamata, ila kwenye lami kavu vinachosha miguu. Ile barafu isiyoonekana, nyembamba juu ya lami nyeusi, hiyo hata vyuma havikuhakikishii, kata hatua ziwe fupi, miguu itue chini ya mwili wako, na kwenye madaraja ya juu ya mto Mississippi tembea tu, madaraja yanaganda kabla ya barabara.

Na giza. Asubuhi mwezi wa 12 jua linatoka karibu saa mbili kasorobo, jioni saa kumi na nusu limeshaondoka, kwahiyo mwenye kazi atakimbia gizani hakuna namna. Vile vizibao vya reflekta wanavyovaa bodaboda nyumbani ndio hivyohivyo, vaa juu ya jaketi jeusi, madereva wa huku vioo vyao vimejaa chumvi ya barabarani hawaoni vizuri.

Zipo siku sitoki. Mama ananisimulia tarehe 30 Januari 2019, joto lilishuka hapa mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zilifungwa na posta ikasimamisha kupeleka barua Minnesota nzima, na yeye siku hiyo alipanda ngazi za jengo lao kwenda juu na kurudi chini mpaka akatosheka. Mimi mpaka wangu ni namba ile ya pili ya kwenye simu, ikipita 28 chini nakwenda kwenye mashine ya jimu, sibishani. Kila mtu ajiwekee wake na aupange akiwa na akili zake, sio mlangoni akiwa ameshavaa.

Ukirudi nyumbani kuna dakika kumi ambazo watu wanazichezea. Umeacha kukimbia, joto linashuka haraka, na wewe umekaa kwenye kochi unasoma meseji na nguo mbichi mwilini. Mimi nikifunga mlango simu naweka chini, navua kuanzia juu, na sidiria ndiyo ya kwanza, ile ndio inayolowa kuliko zote na inakaa juu ya kifua, nimeona wanawake wanabadilisha kila kitu wanaiacha hiyo halafu wanashangaa mbona wanatetemeka mpaka usiku. Nguo kavu, soksi kavu, kanga begani, sasa hapo kanga ndio ina kazi yake, halafu chai ya tangawizi. Kuoga baadaye kidogo vidole vikisharudi, maji ya moto kwenye vidole vyenye ganzi huwezi kujua yanakuunguza. Nguo zenyewe nafua kwa sabuni tu, ile dawa ya kulainisha nguo inaziba vitundu vya polista na haisukumi tena jasho, zinatundikwa bafuni, kwa jinsi hewa ya ndani ilivyo kavu na hita asubuhi zimekauka.

Wengi wananiandikia mwezi wa kwanza wanataka kuanza. Anza, lakini kwa dakika ishirini tu za kuzunguka mtaa, uone mwili wako unavyofanya na nguo ulizonazo, maana kuna mwenye damu ya moto na mwenye vidole vya baridi kila siku, mavazi yangu yanaweza yasiwe yako. Mimi nina daftari dogo pale kwenye kabati la viatu, naandika joto la nje, upepo, nilivaa nini, na nililowa wapi. Lakini kama unasoma hii mwezi wa 9 au wa 10, basi toka sasa hivi kukiwa na nyuzi 10, usingoje, endelea kutoka kila wiki inavyoshuka, mwili unazoea taratibu pamoja na hali ya hewa na nguo unaziongeza moja moja kadiri unavyozihitaji. Mama yeye mwezi wa 10 bado anakimbia na mikono wazi, majirani wanamwangalia, na mwezi wa 1 ukifika yeye ndiye mwenye nguo chache kuliko wote pale ziwani.